Muuaji Anajulikana Tangu Mwanzo

Msomaji wa Mzimu wa Watu wa Kale huzungushwa huku na kule na mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, na jina la muuaji halitajwi mpaka awe amekwisha kuwashuku wasiohusika. Muhammed Said Abdulla, aliyeichapisha riwaya hiyo mwaka 1960, aliuchota ufundi huo kwa Sherlock Holmes. Filamu nyingi za upelelezi za zamani zilipita njia ileile. Maiti huonekana mwanzoni, washukiwa hujazana katikati, na mwishoni kachero huwakusanya wote sebuleni akanyoosha kidole.

Luteni Columbo, kachero wa televisheni, hakuihitaji sebule hiyo.

Karibu kila kipindi cha Columbo hufunguliwa na mauaji yenyewe. Mtazamaji anamwona muuaji, anaijua sababu yake, anamtazama akipanga ushahidi wa uongo kwamba alikuwa mahali pengine. Robo saa inaweza kupita, wakati mwingine zaidi, kabla luteni hajatokea na koti lake la mvua lililokunjamana. Swali la nani limekwisha kujibiwa. Kinachomweka mtu kwenye kiti ni kujua atanaswa vipi.

Wengi huisifu tamthilia hii kana kwamba ndiyo iliyobuni mtindo huo. Siyo. Mwingereza R. Austin Freeman, daktari aliyegeuka mwandishi, alitoa mwaka 1912 kitabu The Singing Bone, chenye hadithi zinazomwonesha kwanza mhalifu akitenda, kisha mpelelezi akimfuata nyuma. Kabla yake, Dostoevsky alikuwa amemwonesha Raskolnikov akiua kwa shoka mapema kabisa katika riwaya yake ya 1866, halafu akamletea Porfiry Petrovich, afisa mwenye maneno mengi na upole wa kutia wasiwasi. Richard Levinson na William Link, marafiki wa tangu shuleni huko Philadelphia waliomuumba Columbo, hawakuficha kwamba luteni wao ni mtoto wa Porfiry.

Hollywood nayo ilikuwa na sababu yake ya kuupenda mtindo huu. Kuanzia 1934, kanuni za maadili za studio, zilizosimamiwa na Joseph Breen, zilitaka mhalifu asiachwe kufaidi uhalifu wake. Mtu aliyekata tiketi alijua kabla taa hazijazimwa kwamba muuaji atapatikana. Mwisho ulikuwa umekwisha kuamuliwa ofisini, na mwongozaji mwenye akili ilimbidi atafute utamu kwingine.

Billy Wilder aliupata mwaka 1944 katika Double Indemnity. Wakala wa bima, Walter Neff, anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi, anakaa mbele ya kinasa sauti na kukiri kwamba ameua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na kwamba amevikosa vyote viwili. Filamu ndiyo kwanza inaanza! Kinachofuata ni kumtazama Barton Keyes, mkaguzi wa madai ya bima aliyeigizwa na Edward G. Robinson, akiusogelea ukweli hatua kwa hatua bila kujua kwamba anayemtafuta ndiye rafiki anayemwashia sigara. Wilder alipiga pia onyesho la Neff akiuawa kwa gesi gerezani, kisha akaliondoa. Alifanya vyema. Mazungumzo ya mwisho ya wale wawili mlangoni yanauma kuliko chumba chochote cha gesi.

Columbo mwenyewe alianza kwa kusuasua. Mwaka 1960 aliigizwa na Bert Freed katika mchezo mmoja wa televisheni, Enough Rope. Mwaka 1962 akapanda jukwaani katika Prescription: Murder, safari hii akiwa mzee Thomas Mitchell. Link alisimulia baadaye kwamba ile tabia maarufu ya luteni, ya kuaga, kufika mlangoni, kisha kugeuka na kukumbuka swali moja dogo, ilitokana na uvivu: onyesho lilikuwa fupi mno, Columbo alikuwa amekwisha kutoka, na hawakutaka kupiga chapa upya ukurasa mzima. Wakamrudisha tu.

Mchezo huo ulipofanywa filamu ya televisheni, Bing Crosby alipewa nafasi hiyo akaikataa. Ikamwangukia Peter Falk, mwenye umri wa miaka 40, na jicho moja la bandia tangu utotoni. Ilirushwa Februari 1968, mwaka uleule ambao kanuni za zamani za Hollywood zilifutwa. Sinema zikawa huru kumwacha mhalifu aondoke zake na mfuko wa pesa. Sheria ya muuaji kukamatwa ikahamia sebuleni na kufanya makazi.

Kipindi cha kwanza cha mfululizo wa kawaida, Septemba 1971, kiliongozwa na kijana wa miaka 24 aitwaye Steven Spielberg. Muuaji anakuja kwa gari, lakini sauti inayosikika ni ya taipureta, inayogongwa na mwenzake ambaye bado hajui yatakayompata. Kwa televisheni ya siku zile, huo ulikuwa ujasiri.

Koti lilikuwa la Falk mwenyewe. Gari, Peugeot 403 kuukuu ya kufunua paa, alilichagua yeye kwenye yadi ya studio. Ukijumlisha na mke anayetajwa kila mara bila kuonekana, unapata mtu ambaye matajiri wa Los Angeles wanamdharau papo hapo. Katika kipindi kimoja cha 1974, mtawa anamwona akiingia kwenye nyumba ya kuhudumia maskini, anamkalisha, anampakulia chakula na kuanza kumtafutia koti jingine. Ni vigumu kuona sadfa tu katika ukweli kwamba wauaji ni daktari bingwa, kiongozi wa okestra, mwandishi maarufu. Wanashindwa kwa sababu hawaamini kwamba mtu wa hali ile anaweza kufikiri.

Kilele cha tamthilia ni kipindi cha Any Old Port in a Storm cha 1973. Adrian Carsini, aliyeigizwa na Donald Pleasence, anamuua ndugu yake wa kambo kwa kumfungia kwenye ghala la divai na kuzima mitambo ya hewa. Siku hizo joto limekithiri, na divai zake zinaharibika bila yeye kujua. Columbo anaiba chupa moja ghalani na kupanga iletwe hotelini wakati wa chakula. Carsini anaonja, anachukia, anamfokea mhudumu kwamba divai imepigwa na joto. Ndiyo ushahidi wote: ulimi wake mwenyewe. Wakili mzuri angeupangua asubuhi moja, kama ushahidi mwingine mwingi wa luteni huyu, lakini muuaji amekwisha kuchoka kuficha, na wanamaliza wakinywa pamoja ndani ya gari.

Kituo cha NBC kiliacha kuirusha tamthilia hiyo mwaka 1978. Kituo cha ABC kilimfufua Columbo kuanzia 1989 hadi 2003, na ukweli usemwe, vingi vya vipindi hivyo vimevutwa mno. Kibaya zaidi ni No Time to Die cha 1992, ambacho hakina muuaji wa kumtega wala mchezo wa paka na panya, bali bibi harusi aliyetekwa na polisi wanaokimbia saa. Mfumo ulipoondolewa, alibaki mzee mmoja na koti. Asiye na muda wa vyote 69 aanze na kile cha divai, akipende au asikipende, kisha atazame Double Indemnity usiku unaofuata.