Mtoto wa Mvita na Alama za Kiswahili

Katika kazi zote za mwalimu wa lugha, hakuna imtiayo jasho kama kumweleza mzazi kwa nini mwanawe amepewa alama chache. Mwalimu wa hesabu ana nafuu, kwani saba mara nane ni hamsini na sita mbele ya mzazi yeyote. Bali mwalimu wa lugha huulizwa, "Ni nani aliyekufanya wewe kuwa hakimu wa maneno yetu?" Swali hili lina historia, na katika pwani ya Kenya historia hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilipelekwa katika shule moja ya sekondari karibu na Mombasa. Mimi ni mtu wa bara. Kiswahili nilijifunza darasani, kisha nikakisomea chuoni. Siku moja alinijia mzee mmoja, mvuvi, ameshika insha ya mwanawe iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa nimempa kijana huyo alama 9 kati ya 20. Kila alipoandika mato badala ya macho, kitwa badala ya kichwa, au mtele badala ya mchele, nilipiga mstari mwekundu, na chini ya karatasi niliandika maneno matatu: "Hiki si Kiswahili."

Tuliamkiana, tukaulizana hali, kisha yule mzee akaiweka karatasi mezani. "Mwalimu," akasema, "weye Kiswahili umekisoma vitabuni, mwanangu kazaliwa nacho. Ni vipi aliye kisimani aambiwe hajui maji na aliyeletewa kwa mtungi? Na kama hiki si Kiswahili, mamangu alikuwa akisema nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba juma moja, naye akanipa. Katika juma hilo nilifanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya kabla ya kushika kalamu nyekundu: nilitafuta asili ya mizani niliyokuwa nikiitumia.

Kiswahili tangu zamani kimesemwa katika pwani ndefu, na kila mji ulikuwa na lahaja yake: Kiamu huko Lamu, Kimvita huko Mombasa, Kiunguja huko Unguja, na nyingine nyingi. Hakuna mji uliosema vibaya. Kila mmoja ulisema kama wazee wake walivyousemesha. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuandika maneno, alisikiliza watu wa Mombasa, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882 ina maneno mengi ya huko. Edward Steere naye alikaa Unguja, na kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 kilieleza lugha ya Unguja. Hivyo wamisionari wa pande mbili wakawa na vitabu vya aina mbili, na shule zao vilevile.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali za kikoloni za Afrika ya Mashariki zilitaka vitabu vya shule vya namna moja, ili kitabu kilichochapwa mahali pamoja kisomwe kila mahali. Jambo hili lilizungumzwa katika mkutano wa elimu huko Dar es Salaam mwaka 1925. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano mwingine, na hapo ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Waliokitetea Kimvita walikuwapo. Walikumbusha kwamba ndiyo lugha ya mashairi ya Muyaka bin Haji, na kwamba ina hazina kubwa ya fasihi. Lakini Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea mbali bara kwa njia ya misafara ya biashara, na katika Tanganyika kilitumika sana shuleni na ofisini. Hoja ya wingi ikaishinda hoja ya fasihi. Na ajabu ni kwamba mkutano huo uliokiweka Kimvita kando ulifanyika Mombasa kwenyewe.

Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Wajumbe wake wa kwanza walikuwa Wazungu, maofisa wa serikali na wamisionari. Mzazi wa Mvita hakuulizwa. Kuanzia hapo, neno lililokuwa sahihi kinywani mwa mama likawa kosa katika daftari la mwanawe. Neno halikubadilika, kilichobadilika ni mizani.

Hata hivyo, kwa miaka mingi ugomvi huu haukufika sana kwenye meza ya mwalimu. Sababu yake ni kwamba alama za Kiswahili hazikufungua mlango mkubwa. Baada ya uhuru, tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, katika taarifa yake ya mwaka 1964, ilipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi. Lakini katika mtihani wa mwisho wa shule hizo, ulioitwa CPE na uliofanywa hadi mwaka 1984, Kiswahili hakikutahiniwa. Somo lisilotahiniwa halina mzazi wa kuligombania. Mwaka 1985 ulipoanza mfumo wa 8-4-4, mtihani mpya wa KCPE ukakifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Na ulipofanywa mtihani wa kwanza wa KCSE mwaka 1989, Kiswahili kilikuwamo. Sasa alama moja ya insha iliweza kumpeleka mtoto katika shule aitakayo au kumzuia. Ndipo mizani iliyowekwa mwaka 1930 ilipoanza kumlemea mzazi wa pwani.

Juma lilipokwisha, mzee alirudi. Nilikuwa nimeisoma insha upya, mstari kwa mstari, na nikagundua jambo la kunitia haya. Kijana alikuwa ameandika kwamba jua lilikuwa limekuchwa. Nami nilikata alama, nikidhani amechanganya maneno, maana nilijua kucha tu, yaani kupambazuka. Kumbe kuchwa ni kuzama kwa jua, na neno hilo limo katika kamusi ya Kiswahili Sanifu. Hapo mwanafunzi alikijua Kiswahili changu kuliko mimi. Nilimrudishia alama hiyo mbele ya baba yake, nikafuta kwa mkono wangu yale maneno matatu, na nikaomba radhi.

Lakini sikumpa zaidi ya alama 10. Nilimwambia, "Mzee wangu, zamani kila soko lilikuwa na pishi yake, na kila pishi ilikuwa ya haki katika soko lake. Kilo ilipokuja haikusema kwamba pishi ni ya uongo. Ilisema kwamba muuzaji na mnunuzi wa mbali sharti wawe na kipimo kimoja. Karatasi ya mwanao itasahihishwa na mtu asiyemjua, pengine mzaliwa wa Garissa au Kakamega. Nikimpa leo alama za kumfurahisha, huyo atamnyang'anya kesho, wala hatakuwapo wa kumwomba juma moja."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pishi zenu mlizipima bila sisi." Akaikunja karatasi, akaenda zake. Hakuridhika kabisa, wala sidhani kwamba alipaswa kuridhika, maana neno lake la mwisho lilikuwa kweli.

Enyi vijana msomao kurasa hizi, liangalieni jambo hili kwa pande zake mbili. Kipimo kimoja kina faida kubwa: ndicho kinachomwezesha mtoto wa Turkana na mtoto wa Mvita kusoma kitabu kimoja na kuhukumiwa kwa haki moja. Lakini kipimo si lugha yenyewe. Shihabuddin Chiraghdin, mwanachuoni wa Mombasa, aliandika pamoja na Mathias Mnyampala kitabu cha Historia ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1977, akifanya kazi ya kukumbusha kwamba lahaja ni mizizi ya lugha, wala si magugu yake. Mwalimu asemaye "katika mtihani andika macho" anafundisha. Mwalimu asemaye "mato si Kiswahili" anakosa, hata akiwa na cheti ukutani.

Tangu siku ile, ninapokuta neno la Kimvita katika insha, huliandikia pembeni neno lake la Sanifu, na alama huitoa kama sheria ya mtihani inavyotaka. Lakini chini ya karatasi sijaandika tena maneno yale matatu.