Ukwangala na Kufufuliwa kwa Vichekesho vya Runinga: Historia Inayotazamwa kutoka Rungwe

Vichekesho vya mfululizo ni aina ya tamthilia ya runinga ambayo kila wiki huwarudisha mbele ya watazamaji wahusika walewale, wenye tabia zilezile na mara nyingi katika nyumba au ofisi ileile, ili kisa kipya kiwakute watu ambao mtazamaji amekwisha kuwazoea kama majirani zake. Mazoea hayo ndiyo mtaji wa kipindi, na ndiyo yanayofanya kufufuliwa kwake kuwe kugumu kuliko kurudiwa kwa wimbo au kwa filamu. Neno kufufua linatumika hapa kwa maana mahususi. Kipindi kinachorushwa tena kutoka kwenye kanda ya zamani kimerudiwa tu, na kile ambacho waigizaji wapya wanashika nafasi za wa kwanza kimeigizwa upya. Kilichofufuliwa ni kile kinachoendelea kutoka pale kilipoishia, baada ya miaka mingi, wahusika wakiwa wameongezeka umri sawasawa na watu waliokuwa wakiwacheka.

Katika Tanzania Bara swali hili limechelewa kuulizwa kwa sababu runinga yenyewe ilichelewa kufika. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo binafsi vya ITV na CTN vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kabla ya hapo kicheko cha pamoja cha taifa kilitoka redioni, katika michezo kama Pwagu na Pwaguzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na watu wa wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, walikisikia sawa na watu wa Tabora au Lindi. Picha zilikuja baadaye, tena kwa shida. Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, umekaa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Rungwe wenye kimo cha mita 2,960 hivi, na nchi yote inayouzunguka ni vilima na mabonde. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kilima husimama mbele yake kama ukuta. Mwenye seti alilazimika kufunga antena juu ya mwanzi mrefu, zao ambalo wilaya hiyo haijawahi kulikosa, kisha mtu mmoja akabaki nje kwenye manyunyu akiuzungusha mwanzi taratibu huku mwingine akipaza sauti kutoka sebuleni kumwambia kama picha imetulia au bado imejaa chenga. Asiye na seti alikwenda kwa jirani au kwenye banda la video. Runinga ya Rungwe, kwa hiyo, ilianza kama jambo la kukusanyika, na hata ving'amuzi vilipochukua nafasi ya antena katika mabadiliko ya kidijitali yaliyofika Mbeya mwaka 2013, desturi ya kutazama kwa kundi haikufa mara moja.

Kukusanyika huko kuna historia ndefu kuliko runinga. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kati ya Wanyakyusa wa Rungwe kuanzia mwaka 1934 hadi 1938, walikuta jamii iliyojenga vijiji vyake kwa kufuata rika na si ukoo. Wavulana waliofikia umri wa miaka kumi au zaidi kidogo waliondoka kwenye nyumba za wazazi, wakajijengea vibanda pembezoni mwa kijiji na kulala huko pamoja, ingawa kula waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kundi zima kutoka jiko la mama mmoja hadi la mwingine. Walipooa waliwaleta wake zao kwenye kijiji hichohicho cha rika lao, na humo wakazeeka pamoja. Thamani kuu iliyoshikilia maisha hayo iliitwa ukwangala, neno la Kinyakyusa linalomaanisha raha ya kukaa na wenzako, kula na kunywa nao, kuzungumza, kutaniana na kujifunza ukweli wa mambo kwa kusemezana. Monica Wilson alilipa neno hilo uzito mkubwa kiasi cha kukiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa maana yake, *Good Company*. Kwa Wanyakyusa wa wakati huo, mtu asiyejua kuzungumza na wenzake kwa ucheshi alikuwa amepungukiwa na kitu kilekile kilichomfanya mtu awe mtu wa kijiji.

Dhana ya ukwangala inaeleza kundi la vichekesho vizuri kuliko istilahi nyingi za wanataaluma wa sanaa za maonyesho. Katikati ya miaka ya 2000 kituo cha EATV kilianza kurusha Ze Comedy, kipindi ambacho kwa tafsiri kali hakikuwa tamthilia ya nyumba moja, kwa sababu kiliundwa na vipande vifupi vya kuigiza taarifa za habari, wanasiasa na wanamuziki, lakini ambacho kilishika nafasi ya vichekesho vya mfululizo katika mioyo ya watu kwa kuwa sura zilikuwa zilezile kila wiki: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Mac Regan, Wakuvanga na Vengu. Majina hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Mpoki ni jina la Kinyakyusa, linalotokana na tendo la kuokoa, na Rungwe haina kijiji kisicho na Mpoki wake. Aliyelibeba jukwaani ni Silvery Mujuni, ambaye jina lake la pili linatoka upande wa pili wa nchi, Kagera, na kwa bahati nzuri ya lugha za Kibantu lina maana hiyohiyo ya mwokozi. Masanja ni jina linalojulikana kwa Wasukuma, na aliyelitumia ni Emmanuel Mgaya, mwenye jina la ukoo la nyanda za juu kusini. Kubadilishana makabila namna hii ni kazi ya utani, yaani uhusiano unaoruhusu watu wa makabila au koo fulani kutupiana maneno makali bila kukasirikiana, uhusiano ambao R. E. Moreau aliuandikia makala mwanzoni mwa miaka ya 1940 na ambao Watanzania wameugeuza kuwa lugha ya kitaifa ya amani. Mtazamaji wa Tukuyu aliyesikia jina la Mpoki likiitwa kutoka Dar es Salaam alikuwa anatajwa, na kutajwa kwa mzaha na mtani wako ni kukubaliwa.

Mwaka 2008 kundi hilo lilihamia TBC1, kituo cha umma, na hapo ndipo historia ya kufufuka kwake inapoanzia, kwa maana lilizaliwa mara ya pili mbele ya macho ya watu waliolijua. Mgogoro ulizuka kuhusu nani mwenye haki ya jina, na kundi likatokea kuitwa Ze Orijino Komedi, baadaye Orijino Komedi. Jina la kwanza lilikuwa mzaha wa matamshi, kwani "ze" ni namna ulimi wa Mswahili unavyokipokea kineno cha Kiingereza ambacho Kiswahili hakina haja nacho. Jina la pili lilikuwa dai, likisema kwamba uasili umo katika watu na haumo katika bango. Watazamaji walilikubali dai hilo bila kuhitaji hukumu ya mtu yeyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyokwisha kupewa umbo, kama vile maandishi au kanda, wala hailindi wazo tupu, na ucheshi wa kundi unakaa katika eneo gumu kati ya hayo mawili: kanda ni mali ya anayezihifadhi, ilhali namna Joti anavyogeuka kuwa mzee, mwanamke au mtoto kwa kubadili tu sauti na mabega huondoka studio pamoja na Joti.

Rungwe iliwahi kupitia jambo linalofanana na hilo katika ardhi yake. Vijiji vya rika viliwezekana mradi mashamba yalikuwa ya kundi na yaliweza kugawanywa upya, lakini kahawa ilipopandwa, na mazao mengine ya kudumu yakafuata, mti ulikaa shambani miaka mingi kuliko makubaliano ya wenzi, na kila mwanamume akataka shamba lake liende kwa mwanawe; Monica Wilson aliporudi Rungwe mwaka 1955 aliona mfumo wa zamani ukilegea. Makundi ya vichekesho yamelegezwa na mti wa aina hiyohiyo. Matangazo ya biashara, kisha YouTube, yalimwezesha mchekeshaji mmoja kuvuna peke yake, na nyota wa Orijino Komedi wamejulikana baadaye kila mmoja kwa njia yake, Joti kwa vichekesho vyake vya mtandaoni na Masanja kwa mahubiri na kilimo cha mpunga. Hakuna wa kulaumiwa katika hilo. Hata hivyo anayetaka kukifufua kipindi leo hawezi kuanza na kamera. Kazi yake ya kwanza ni kulirudisha rika katika kijiji kilichokwisha kugawanywa mashamba.

Ugumu wa pili unatokana na namna vichekesho vya Tanzania vinavyotungwa. Asili yake ni vichekesho vya majukwaani, igizo fupi lililowekwa kati ya ngoma na muziki katika maonyesho ya vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre, ambako waigizaji walikubaliana kisa na mwisho wake, kisha maneno wakayatunga papo hapo kwa kusikiliza kicheko cha hadhira. Utamaduni huo uliingia runingani bila kubadilika sana. Uingereza ina mfano unaoonyesha tofauti yake: vipindi vitatu vya mfululizo wa pili wa Dad's Army, vilivyorushwa na BBC mwaka 1969, vilipotea baada ya kanda zake kutohifadhiwa, lakini kwa kuwa miswada ya Jimmy Perry na David Croft ilikuwepo, kituo cha Gold kiliweza mwaka 2019 kuviigiza upya neno kwa neno na waigizaji wengine. Mchezo wa kutungwa papo hapo hauna mswada wa kurudia. Kanda ikifutwa na kundi likitawanyika, kinachobaki ni kumbukumbu za watu, na hilo linatosha kuzitaka taasisi za utangazaji zihesabu kanda zao kama maktaba inavyohesabu vitabu adimu.

Je, kipindi kirudi na watu walewale, au kirudi na fremu ileile na watu wapya? Kenya imejaribu njia zote mbili. Vioja Mahakamani ya KBC imedumu kwa miongo kwa sababu mahakama haizeeki: karani hubadilika, mshtakiwa hubadilika, na kizimba kinabaki kuwa kizimba. Vitimbi, kinyume chake, ilikuwa nyumba ya Mzee Ojwang na Mama Kayai, na Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang, alipofariki Julai 2015, hakuna fremu iliyoweza kuziba nafasi yake. Marekani imejifunza hayo kwa gharama kubwa zaidi. Frasier, iliyomalizika mwaka 2004, ilirudi mwaka 2023 bila John Mahoney, mwigizaji wa baba, aliyekuwa amefariki mwaka 2018, na bila David Hyde Pierce, aliyekuwa ndugu; mhusika mkuu alirudi na jina lake na mizaha yake, akakosa wa kumjibu, na kipindi kikaishia msimu wa pili. Roseanne ilirudi mwaka 2018, ikafutwa mwaka huohuo kwa sababu ya ujumbe wa kibaguzi ulioandikwa na nyota wake mtandaoni, na baada ya miezi michache familia yote iliyobaki ikaendelea bila yeye kwa jina la The Conners hadi mwaka 2025. Aliyetoa jina aliondoka, kampani ikabaki, na kampani ndiyo iliyoishi.

Wanyakyusa walikuwa na utaratibu wao wa kushughulikia mwisho wa kizazi. Uliitwa ubusoka, maana yake kutoka, na ulifanyika mara moja kwa kila kizazi, takriban kila baada ya miaka thelathini: baba walikabidhi uongozi kwa wana, watoto wawili wakubwa wa chifu wakatambuliwa kuwa machifu wa pande mbili za nchi, na moto wa zamani ukazimwa ili mpya uwashwe kwa kupekecha vijiti. Wazee hawakufukuzwa, lakini hawakurudi kushika usukani. Njia ya Vioja Mahakamani inafanana na ubusoka kwa kiasi kikubwa, na inaelekea ndiyo njia inayoifaa zaidi Tanzania, ambako vijana wenye vipaji vya kuchekesha wanazidi nafasi zilizopo.

Lakini kuna watazamaji ambao hawatafuti moto mpya. Wanawataka wachekeshaji walewale, na miongoni mwa walewale wengi hawapo: Said Ngamba, aliyejulikana kama Mzee Small, alifariki Juni 2014, na Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, Agosti 2018. Kipindi kitakachorudi kikiwa na kiti kitupu katikati yake hakitakuwa kigeni Rungwe. Godfrey Wilson, katika uchunguzi wake wa mazishi ya Wanyakyusa uliochapishwa mwaka 1939, alieleza jinsi siku ya msiba ilivyoanza kwa kilio cha wanawake, jinsi wanaume walivyoingia na ngoma na mikuki wakicheza kwa ajili ya mwenzao, na jinsi kadiri saa zilivyosonga mazungumzo na mizaha ilivyojipenyeza kati ya vilio, hadi kicheko kikasikika papo hapo palipochimbwa kaburi, bila mtu kukiona kuwa kinamkosea heshima marehemu.