Feni ya ziada ya rejeta: Jinsi vipuri vya mitumba vinavyoweza kuokoa injini ya gari kuukuu

Gari kuukuu linapotoka Homa Bay, mji ulio ufuoni mwa Ziwa Victoria, na kupanda kuelekea Rodi Kopany hadi Rongo likiwa limesheheni abiria, injini hufanya kazi nzito huku mwendo ukiwa wa polepole. Hali ni hiyo hiyo katika barabara kuu inayotoka Isebania kupitia mjini Migori hadi Kisii, ambako katika eneo la Awendo dereva huweza kukwama nyuma ya trela la miwa kwa muda mrefu. Upepo unaopita kwenye rejeta hupungua wakati ule ule joto linapoongezeka, na hapo feni ndiyo hutegemewa kuzuia maji yasichemke.

Feni ikishindwa, hasara haikomei kwenye mvuke unaofuka chini ya boneti. Kichwa cha injini kilichotengenezwa kwa aluminiamu hupinda, gasketi huungua na maji huingia katika oili. Gharama ya kurekebisha uharibifu huo inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Kwa sababu hiyo, wenye magari na mafundi wa jua kali huongeza feni ya umeme iliyong'olewa katika gari jingine. Kazi hiyo ina faida kubwa ikifuata utaratibu, lakini ikifanywa ovyo huweza kuliteketeza gari.

Aina za feni

Katika magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Toyota Corolla iliyojulikana nchini kama DX, feni huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikipunguza kasi, feni nayo hupunguza, hata kama maji yamepata moto. Peugeot 504, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa gari la kutegemewa magharibi mwa Kenya, ina feni inayozungushwa kwa mkanda lakini hushikwa na sumaku ya umeme pale tu maji yanapofikia joto fulani. Brashi ya sumaku hiyo ikichakaa, feni huzunguka kwa ulegevu bila kuvuta hewa ya kutosha.

Magari yaliyokuja baadaye, yenye injini iliyokaa kwa upana, hutumia feni za umeme. Yale yenye kiyoyozi, kama Corolla nyingi za miaka ya 1990, huwa na feni mbili: moja ya rejeta na nyingine ya kondensa ya kiyoyozi. Magari ya aina hii yanapopata ajali au kuzeeka na kuvunjwavunjwa, feni zake huwa hazina kazi tena, na hizo ndizo hufaa kuongezwa katika magari makuukuu.

Je, feni ndiyo tatizo?

Kabla ya kununua chochote, ni sharti chanzo cha joto kijulikane. Gari likipata moto linaposimama au kwenda polepole, kisha likapoa mwendo unapoongezeka, feni ndiyo ya kushukiwa. Lakini likichemka hata linapokwenda kasi barabarani, upepo wa kutosha ukipita, feni ya pili haitasaidia. Huenda rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, themostati haifunguki au mkanda umelegea.

Katika ukanda wa ziwa, rejeta huziba pia kwa nje. Vumbi la barabara za murramu, majani makavu ya miwa na wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi kama wingu hujaza nafasi ndogo zilizo kati ya mapezi yake. Kuisafisha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, huenda kukamaliza tatizo bila gharama.

Kifuniko cha rejeta nacho kikaguliwe. Kwa kuwa Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka Homa Bay yakifikia takriban nyuzi 96 za Selsiasi. Mjini Kisii, ulio mita zipatazo 1,700, huchemka karibu nyuzi 94. Kifuniko kizima huhifadhi mgandamizo na kuyafanya maji yavumilie zaidi ya nyuzi 110. Mpira wake ukikatika, kinga hiyo hutoweka. Kifuniko hakifunguliwi kamwe injini ikiwa moto, kwani maji hufumka na kuunguza.

Kuchagua kipuri

Kosa la kawaida ni kununua mota na mapanga yake pekee. Inafaa kuchukua seti nzima kutoka gari moja: feni na fremu yake, swichi ya joto, rilei, soketi na kipande cha waya.

Sababu ni kwamba watengenezaji hawatumii mpango mmoja. Katika Peugeot na magari mengi ya Ulaya, swichi ya joto hujifunga maji yanapopata moto na hivyo kuwasha feni. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 ni kinyume: swichi hujifungua joto linapokaribia nyuzi 93, na rilei yake imeundwa kuwasha feni umeme wa swichi unapokatika. Toyota ilifanya hivyo ili waya wa swichi ukikatika feni iendelee kuzunguka. Anayechanganya swichi ya Toyota na rilei ya kawaida hupata feni inayozunguka injini ikiwa baridi na kuzimika injini ikipata moto.

Mota ijaribiwe papo hapo kwa betri yenye nguvu. Isikwaruze, isinukie kuungua, na ekseli yake isicheze. Mapanga yasiwe na ufa. Mnunuzi adai risiti pia, kwani Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inawataka wanaofanya biashara hiyo wawe na leseni, na risiti humkinga mnunuzi dhidi ya lawama ya kununua mali ya wizi.

Kufunga feni

Feni ikikaa nyuma ya rejeta huvuta hewa, na ikikaa mbele huisukuma. Kugeuza nyaya za mota hubadilisha upande wa kuzunguka, lakini mapanga mengi yamekunjwa kwa ajili ya upande mmoja, hivyo yakizungushwa kinyume hutoa upepo hafifu. Ni heri kutafuta feni iliyoundwa kwa nafasi inayokusudiwa.

Fremu ifungwe kwa vyuma kwenye mwili wa gari au kingo za rejeta. Vibanio vya plastiki vinavyopitishwa katikati ya mapezi hukwaruza mirija kwa mtikisiko hadi ikavuja.

Nyaya na fyuzi

Mota ya wati 120 katika betri ya volti 12 hula ampea 10, na inapoanza kuzunguka hula mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Mzigo huo haupaswi kupita katika swichi ya dashibodi. Hupitia rilei ya ampea 30 au 40, kwa waya wenye unene wa milimita mraba 2.5 hadi 4, na fyuzi ya ampea 20 iliyowekwa karibu kabisa na betri. Bila fyuzi, waya unaochubuka na kugusa bodi hugeuka kuwa kaa la moto.

Katika rilei ya kawaida, nambari 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 huenda kwenye feni, nazo 85 na 86 ni za koili inayoamriwa na swichi ya joto.

Kupima kabla ya safari

Swichi hupimwa kwa kuning'inizwa ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto, pamoja na kipimajoto na taa ya majaribio. Katika miinuko ya eneo hili, swichi ya nyuzi 93 hubadilika maji yakiwa karibu kuchemka, kwa hivyo mpimaji awe makini.

Baada ya kufunga, injini iachwe ikinguruma gari likiwa limesimama hadi feni iwake na kuzimika yenyewe angalau mara mbili. Volti za betri zipimwe feni ikizunguka na taa zikiwaka. Zikishuka chini ya 13, altaneta haitoshi au imechoka.

Jambo la mwisho ni themostati, ambayo mafundi wengine huing'oa wakidhani wanaipoza injini. Bila themostati, injini huchelewa kupata joto linalofaa na hutumia mafuta mengi. Feni nzuri hufanya kazi pamoja na themostati nzima, kifuniko kizima na rejeta safi. Kimojawapo kikikosekana, safari ya kupanda kutoka ziwani itaishia kando ya barabara.