Pikapu ya nusu tani na trela ya boti: kuvuta si tatizo, kusimama ndiko tatizo

Kila Kusi inapoanza kuvuma na boti zikapandishwa nchi kavu kwa ukarabati, huulizwa swali lilelile: je, pikapu yangu ya nusu tani itaweza kuvuta boti mpaka Mtwapa kwa fundi? Safari hii aliyeniuliza ni jirani, mzee wa makamo, na alishajijibu kabla sijafungua mdomo. "Injini ni nzima, gia ya kwanza inapanda popote."

Sina shaka nayo. Pikapu ndogo huweza kuondoa mzigo mzito sana kutoka mahali uliposimama. Lakini mwenye trela ana maswali matatu mengine, na yote yana uzito kuliko la injini: utasimama vipi, kichwa cha trela kinalalia gari kwa kilo ngapi, na trela itafuata mstari au itayumba?

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja. Vijana wanatazama video za Marekani, wanaona "nusu tani" ikivuta nyumba ya magurudumu yenye vitanda na jiko, wanadhani ni sawa na hii yetu. Si sawa. Kule jina hilo hupewa magari kama Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500 na Ram 1500. Jina ni la zamani tu. Magari yenyewe siku hizi hubeba zaidi ya nusu tani na yana uzito wa tani mbili au zaidi yakiwa matupu. Nusu tani ya huku kwetu yenyewe haifiki hata tani moja na robo.

Sasa nieleze yaliyotupata sisi, maana nilijifunza kwa hofu. Tulikuwa na pikapu ya kebini mbili, kubwa kuliko ya jirani yangu. Kitabu chake kinasema inaruhusiwa trela ya kilo 2,500. Tukapiga hesabu ya haraka: boti ya faiba kilo 1,100, mashine mbili kilo 220, trela yenyewe 450. Jumla 1,770. Tukaona tuko salama, tukatia petroli lita 200 ndani ya boti, sanduku la barafu, nyavu na nanga, tukaondoka kuelekea kaskazini.

Karibu na Vipingo, kwenye barabara iliyonyooka, basi la masafa marefu lilitupita kwa kasi. Upepo wake uliisukuma trela, ikayumba kushoto, ikarudi kulia, na kila ikirudi ilirudi kwa nguvu zaidi. Nyuma ya pikapu ilikuwa ikivutwa huku na huku kama mkia wa mbwa. Nilikanyaga breki, na hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi. Tuliponea kwenye mchanga wa kando ya barabara, trela ikiwa imekaa mshazari. Hakuna aliyeumia, lakini tanboi wetu alikataa kupanda tena, akasubiri matatu.

Tulipopima baadaye ndipo tukajua makosa yetu. Lita moja ya petroli ina kama gramu 740, kwa hiyo lile pipa peke yake lilikuwa kilo 148 bila chuma chake. Barafu, nyavu na nanga, kilo 150 nyingine. Mizani ilisoma karibu kilo 2,070. Bado ni chini ya 2,500, sivyo? Ndivyo, ila ile 2,500 ni ya trela yenye breki zake. Mstari unaofuata wa kitabu hichohicho unasema isiyo na breki isizidi 750. Yetu haikuwa na breki hata moja. Aliyetuuzia alisema kila mtu anavuta hivyo, nasi hatukusoma mstari wa pili.

Hesabu ya kusimama haina huruma. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka kwa mraba wa mwendo: kwa kilomita 80 kwa saa ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kilomita 50. Ukiongeza tani mbili nyuma ambazo hazijisimamishi, breki za pikapu zinafanya kazi ya magari mawili. Mteremko mrefu ukizipasha moto, unakanyaga na hupati kitu.

Kosa la pili lilikuwa mpangilio. Mashine za boti ziko nyuma, na pipa la petroli tuliliweka nyuma pia ili liwe karibu nazo. Uzito ukahamia nyuma ya ekseli, kichwa cha trela kikawa chepesi, na trela yenye kichwa chepesi huyumba. Kichwa kinafaa kulalia gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote wa trela. Chetu kilikuwa kilo 60, ilhali kilihitaji zaidi ya 200. Tulipohamisha pipa na sanduku la barafu mbele ya ekseli, kikafika.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei. Chukua mizani ya kupimia watu na ubao mnene. Ncha moja ya ubao iegemee tofali, nyingine iegemee mizani, ubao ukiwa sawa. Kichwa cha trela kiweke juu ya ubao, futi moja kutoka kwenye tofali na futi mbili kutoka kwenye mizani. Toa uzito wa ubao unaosomeka kabla, kisha zidisha kinachobaki kwa tatu. Fanya hivyo trela ikiwa imesimama pahali tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe.

Kumbuka kilo hizo 200 zinaingia kwenye mzigo wa pikapu. Kwa gari la nusu tani, yaani kilo 500, ukitoa 200 za kichwa na watu watatu wa kilo 75, zimebaki 75. Galoni za maji na vifaa vya fundi zinamaliza.

Kwa hiyo jibu langu kwa jirani lilikuwa hapana. Ulaya trela isiyo na breki haizidi kilo 750 au nusu ya uzito wa gari tupu, kipi kidogo kati ya hivyo. Nadhani ni kipimo kizuri hata huku. Gari lake la kilo 900 livute kilo 450, trela ikiwemo: kihori au boti ndogo ya mashine moja, sawa. Boti ya faiba ya futi 23, aikodie lori.

Ukiwa njiani na trela ikaanza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani mnyoofu, usikanyage breki na usijaribu kuifukuza kwa kukata kona. Mwendo ukishuka itatulia. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kichwa, ili kikichomoka kiangukie juu yake kisichimbe lami.

Na kwetu pwani kuna adui mwingine. Trela ya boti huzamishwa kwenye maji ya chumvi, na chumvi inakula beringi na breki kabla ya kitu kingine. Acha magurudumu yapoe kabla ya kuyaingiza baharini, maana beringi yenye moto ikizama ghafla hufyonza maji ndani. Chomoa waya wa taa kwanza. Ukitoka, osha kwa maji baridi ya kisima, na grisi ibadilishwe, isiongezwe tu juu ya ile ya zamani.