Bega Bila Jina: Picha za Msafara wa Roosevelt, 1909–1910

Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi Machi 1909, alishuka Mombasa mwezi uliofuata pamoja na mwanawe Kermit. Msafara ulipokwisha mwaka 1910, wawili hao walikuwa wameua wanyama 512. Picha nyingi za kitabu African Game Trails (1910) zilipigwa na Kermit. Katika picha kadhaa, mwindaji anajitokeza kando ya mzoga, na msomaji huzoea kumtazama yeye tu. Hata hivyo, matini inamtaja Bakari, mmoja wa wabeba bunduki. Picha inatupa bega bila jina; matini inatupa jina, lakini kwa sauti ya bwana. Mhakiki basi asisome moja na kuiacha nyingine: historia ya Bakari imo katika ufa ulio kati yazo.