Maneno ya Kufufua: Dragon Quest na Daftari la Mchezaji

Nilipokuwa shule ya msingi, kila likizo mjomba alikuwa akinitoa Kamembe na kunivusha daraja la Rusizi kwenda Bukavu. Binamu zangu walikuwa na mashine ya gemu ya kuunganisha kwenye televisheni, nakala ya bei rahisi ya Famicom ya Nintendo. Haikuhifadhi kitu. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, tulirudi mwanzo huku tukigombana nani alikuwa amefika wapi.

Kwa hiyo niliposoma historia ya Dragon Quest, joka halikunishughulisha sana. Nilivutiwa na daftari. Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Enix, Japani, tarehe 27 Mei 1986. Yuji Horii aliuandika, Akira Toriyama akachora, Koichi Sugiyama akatunga muziki. Michezo ambamo mchezaji anakuwa shujaa anayepata nguvu polepole, pambano kwa pambano, ilikuwa ya wenye kompyuta: Wizardry na Ultima za Marekani. Horii na wenzake waliubana ulimwengu wa namna hiyo ndani ya kaseti ya kilobaiti 64. Picha moja ya simu yangu inaizidi mara nyingi.

Kaseti hiyo nayo haikuhifadhi kitu. Mchezaji alimwendea mfalme, akapewa Maneno ya Kufufua: herufi 20 za hiragana zilizobeba jina lake, uzoefu, dhahabu na silaha zake. Aliziandika kwenye karatasi, na kesho yake akaziingiza tena moja moja. Akinakili vibaya, safari imepotea. Zilipangwa 5, 7, 5, kisha 3. Sisi tunaohesabu mizani darasani tunaona mara moja: vipande vitatu vya kwanza vina vipimo vya haiku. Maana hazina, lakini kinywa hushika kilichopimwa. Watu wasiojua kusoma walihifadhi tenzi ndefu za mizani nane hivyo hivyo.

Toleo la Marekani la 1989, Dragon Warrior, liliwekewa betri ndani ya kaseti, na daftari likaachwa. Wengi wataita hayo maendeleo. Mimi nina shaka. Betri huisha, na siku hiyo safari zote hufutika bila mtu kukosea. Karatasi ya 1986, ikiwa bado inasomeka, inamwamsha shujaa yule yule.

Mwaka jana nilimuuliza binamu yangu kama anakumbuka tulikoishia. Alisema hatua ya nane. Mimi nasema ya sita. Hatukuandika.