Upinde wa Kwanza: Somo Kutoka Uhud Hadi Nakaloke

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila likizo inapokaribia, hapa Nakaloke, kaskazini ya mji wa Mbale, wazazi hutuuliza swali moja: mtoto anataka kujifunza kupiga mishale, tumnunulie upinde gani? Swali hili linatufurahisha, lakini pia linatutia hofu kidogo. Tumepata kumwona kijana wa miaka 15 aliyeletewa upinde wa ratili 50, yaani kuuvuta ni sawa na kuinua mzigo wa karibu kilo 23 kwa vidole vitatu. Wiki ya kwanza alijivunia mbele ya wenzake. Wiki ya tatu bega lilimuuma. Mwezi wa pili upinde ulikaa nyuma ya mlango, na hadi leo uko pale pale.

Huenda mtu akasema hilo ni jambo dogo, mchezo tu umemshinda. Lakini sisi Waislamu tunaijua Hadithi aliyoipokea Uqba bin Amir (R.A.), iliyomo katika Sahih Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali mtu aliyejifunza kupiga mishale kisha akaiacha elimu hiyo. Basi mzazi anayemnunulia mtoto upinde usiomfaa anamfungulia mlango wa kuacha kabla hajaanza. Kwa sababu hiyo tumeona tuanze na historia, kisha ndipo tuje sokoni.

NGUVU NI NINI?

Katika Suratul Anfal, aya ya 60, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anawaamrisha waumini waandae nguvu kadiri wawezavyo. Uqba huyo huyo anasimulia kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akiwa juu ya mimbari akiifasiri nguvu hiyo kuwa ni kupiga mishale, na akalirudia jambo hilo mara tatu. Vijana wengi wakisikia neno "nguvu" hufikiria misuli. Tuangalie historia inatufundisha nini.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625 Miladia), Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, chini ya uongozi wa Abdullah bin Jubayr (R.A.), akawaamuru wasiondoke mahali pao hata iweje. Walipoona ushindi umekaribia na ngawira imetapakaa bondeni, wengi wao waliteremka. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi wake kwa nyuma, na mambo yakageuka. Abdullah bin Jubayr na wachache waliobaki naye wakafa mashahidi pale pale kilimani.

Ndugu zetu, pinde zao hazikuwa na upungufu wowote. Kilichopungua ni subira na utiifu. Siku hiyo hiyo Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alisimama karibu na Mtume (S.A.W.) akipiga mshale baada ya mshale. Nguvu ya mpiga mishale, basi, huanzia moyoni na kwenye nidhamu, kisha ndiyo hushuka mkononi.

MABINGWA WALIANZA NA UPINDE LAINI

Waturuki wa dola ya Uthmaniya walikuwa miongoni mwa wapiga mishale hodari kabisa duniani. Baada ya kuuteka mji wa Konstantinopoli mwaka 1453, Sultan Mehmed wa Pili alitenga uwanja maalumu wa kupigia mishale, uitwao Okmeydanı, yaani Uwanja wa Mishale. Mtu hakuhesabiwa kuwa bingwa na kuandikwa katika daftari lao mpaka mshale wake uende gezi 900, karibu mita 594.

Je, mwanafunzi wao alianza na upinde gani? Alipewa upinde dhaifu sana ulioitwa kepaze. Aliuvuta na kuurudisha polepole, siku baada ya siku, bila mshale, mpaka mwili ulipozoea. Baadaye akapandishwa daraja. Sultan Mahmud wa Pili aliagiza elimu hii iandikwe, na kitabu cha Mustafa Kani kikachapishwa mwaka 1847. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuingiza upigaji mishale wa jadi wa Kituruki katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Pinde zao zilikuwa na mikono iliyopinda kwenda mbele kwenye ncha. Umbo hili ndilo la upinde wa rikavu unaouzwa madukani leo. Mkunjo huo huhifadhi nguvu nyingi katika upinde mfupi, jambo lililomfaa sana mpanda farasi. Waliutengeneza kwa mbao, pembe na kano za wanyama, vyote vikishikwa kwa gundi ya asili. Gundi ya namna hiyo huchukia unyevu, na mvua za Mbale mnazijua wenyewe! Anayetaka upinde kwa matumizi ya huku atafute wa mbao uliofunikwa kwa faiba, usioharibiwa upesi na mvua.

NA SISI WA AFRIKA MASHARIKI?

Msidhani elimu hii ni ya ugenini. Mreno Francisco de Almeida alipoushambulia mji wa Mombasa mwezi wa Agosti mwaka 1505, watu wa mji walimkabili kwa mishale na mawe. Wawaata wa sehemu za Tsavo, nchini Kenya, waliwinda ndovu kwa pinde za mti mmoja ambazo kuzivuta kulizidi ratili 100. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, huwapa watoto wao wadogo vijipinde vya kuchezea, na mtoto hukua pamoja na upinde wake. Lugha yetu nayo imeyahifadhi maneno ya zamani: uta ni upinde, upote ni kamba yake, podo ni mfuko wa mishale, chembe ni ncha ya chuma.

Na wasichana wasiachwe nyuma. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, aliyebeba bendera ya Kenya alikuwa mwanamke mpiga mishale, Shehzana Anwar, na upinde wake ni huu huu wa rikavu.

SASA TUNUNUE NINI?

Kwanza, uzito wa kuvuta. Mtoto wa miaka 10 hadi 12 atosheke na ratili 10 hadi 15. Kijana aanze na 16 hadi 20, na mtu mzima 20 hadi 25, hata kama ni mbeba mizigo sokoni. Kipimo ni hiki: auvute mpaka mwisho, ahesabu hadi kumi, mikono isitetemeke. Akilazimika kuunyanyua juu mbinguni ili auvute, huo si wake.

Pili, urefu wa mvuto. Mtoto anyooshe mikono yote miwili pembeni, mpime toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha mgawanye kwa 2.5. Mwenye sentimita 160 atavuta kiasi cha sentimita 64, kama inchi 25. Uzito unaoandikwa kwenye upinde hupimwa kwa mvuto wa inchi 28, na kila inchi inayopungua hupunguza kama ratili 2. Mishale izidi mvuto wake kidogo, kwani mfupi mno unaweza kumchoma mkono.

Tatu, chagueni upinde wa kufunguka vipande vitatu. Kishikio hubaki kile kile, na mtoto akikua mnabadilisha mikono ya upinde peke yake. Pesa zinaokolewa.

Nne, jicho. Wengine hutumia mkono wa kulia lakini jicho lenye nguvu ni la kushoto. Lijaribuni kabla ya kulipa.

Tano, kama ni wa mtumba, tazameni nyufa, na kama mikono imejikunja upande. Nunueni pia kinga ya mkono na ya vidole.

ADABU ZA UPINDE

Upote usiachiwe bila mshale, upinde huweza kupasuka. Nyuma ya shabaha pawe na ukuta wa udongo au kichuguu kirefu, si njia ya watu wala shamba la jirani. Mtume (S.A.W.) aliamrisha anayepita msikitini au sokoni na mishale ashike vyembe vyake asimdhuru mtu, na akakataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Basi kuku wa jirani na ndege wa mwembeni wasalimike.

Imepokewa pia katika Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza, akasema yuko pamoja na kundi moja. Kundi la pili likasimamisha mikono. Akawaambia waendelee, yeye yuko pamoja nao wote. Hivyo ndivyo tunavyotaka viwanja vyetu viwe: mashindano yasiyoacha chuki.

Na yule kijana wetu? Upinde ule wa ratili 50 haujaharibika, na miaka michache ijayo huenda ukawa saizi yake. Wazazi wake tumewashauri wamtafutie wa ratili 18 aanze upya, bila aibu. Mwenda pole hajikwai.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awape watoto wetu nguvu yenye subira ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.